Mkwe Mwenye Glavu Nyeupe

Bwana Tolhurst alivaa glavu zake nyeupe za pamba kabla hajamsalimu mtu. Rhoda, aliyekuwa ameketi barazani pa kituo cha wasukaji akipasua majani ya mkadi kwa ukucha wa kidole gumba, alizitazama glavu zile, akavitazama vidole vyake mwenyewe vilivyogeuka manjano kwa rangi ya mizizi, na papo hapo akaamua kwamba mgeni huyu hana lolote.

“Wifi,” alinong’ona Lurline, dada wa marehemu mumewe, “huyu kaja kununua vikapu au kutupasua matumbo?”

“Nyamaza. Asije akaanza na lako, ndilo kubwa.”

Kila kiangazi ndege ndogo iliwamwaga pale, hapo pwani ya Arnhem, kaskazini mwa Australia, watu wa Melbourne na Sydney waliojiita wakusanyaji. Rhoda aliwatambua kama atambuavyo mbu kwa mlio. Walipita mbele ya vikapu vipya kwa haraka, macho juu, kama watu wanaomkwepa ombaomba, kisha wakaulizia vya zamani. Kilichosukwa na mkono wenye uhai hakikuwapendeza. Ilikuwa sharti kwanza msukaji afe na jina lake lipotee, ndipo kazi yake iitwe ya kweli.

Tolhurst alikiinua kikapu cha Lurline kwa vidole viwili.

“Zambarau,” alisema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari za msiba. “Zamani hamkuwa na zambarau.”

“Zamani hatukuwa na wewe,” Lurline akamjibu, “na tulilala vizuri tu.”

Binti mpiga picha aliyefuatana na mgeni alicheka, kisha akajificha nyuma ya kamera yake. Alikuwa ameajiriwa kwa ajili ya kitabu. Tangu ashuke garini Tolhurst alikuwa amekwisha kukitaja kitabu hicho mara tatu: kurasa mia tatu, karatasi nzito, jalada limekwisha kuchapwa, ilikosekana picha moja tu, ya ukurasa wa mwisho.

Akafungua sanduku la chuma, akafunua karatasi laini tabaka baada ya tabaka, na kuulaza mkoba juu ya meza.

Rhoda aliacha kupasua majani.

Ulikuwa mkoba wa kutilia kokwa za mtapo, mrefu kama mkono wa mtu mzima, wa nyuzi za gome lililosokotwa. Kokwa za mtapo, mti ufananao na mnazi mfupi, zina sumu. Hutiwa mkobani, na mkoba ukalazwa siku tano kwenye maji yanayokwenda, mpaka sumu itoke, ndipo zisagwe ziwe mkate. Nyuzi za mkoba huu zililalia kushoto, ilhali za wanawake wengine wote zililalia kulia, kwa maana aliyeusuka alitumia mkono wa kushoto. Na pale mdomoni palikuwa na kiraka cha uzi wa bluu, uliochomolewa kwenye blanketi la misheni. Kilikuwa kiraka kibaya, chenye mafundo kama chunusi, kazi ya mtoto wa miaka saba. Rhoda alimjua mtoto huyo. Mpaka leo alilikumbuka kofi alilopata kwa ajili ya blanketi lile.

“Umeutoa wapi?” aliuliza.

“Ulikusanywa,” alisema Tolhurst, akisoma kadi, “mwaka 1961, na mke wa mchungaji.”

Ulikusanywa! Rhoda aliiona tena siku ile: mama yake amesimama kijitoni, maji yamemfika magotini, ameshika kijiti kitupu alichokuwa ameufungia mkoba, na kokwa zimemwagwa ukingoni kama takataka. Mama alitafuta hadi jua likazama, akidhani mamba ameuvuta. Walikula nini wiki ile, Rhoda hakukumbuka. Alikumbuka tu kwamba Jumapili iliyofuata mke wa mchungaji aliwafundisha watoto juu ya dhambi ya wizi.

“Ni wa mama yangu,” alisema.

Uso wa Tolhurst ulichanua. “Ajabu! Jina lake nani?” Kalamu ilikuwa mkononi tayari. “Ona, hapa pameandikwa ‘msukaji hajulikani’. Nipe jina, kisha uushike mkoba tukupige picha. Kwa glavu, tafadhali. Mikono ina mafuta.”

“Marehemu hatumtaji ovyo. Na picha sitaki. Nautaka mkoba.”

Alitabasamu kama mtu anayemtabasamia mtoto aombaye kuendesha gari.

“Mama, huku kwenu utaliwa na mchwa. Kwangu umetiwa dawa, miaka mia hakuna mdudu atakayeugusa. Hata huo uzi wa bluu nimekwisha kumpata fundi wa kuuchomoa, mkoba ubaki halisi.”

Kiraka kile ndicho kilikuwa mahali pekee duniani ambapo mkono wa Rhoda na wa mama yake ilikuwa bado imekutana, na mwanamume huyu alitaka kukichomoa kama mwiba.

“Isitoshe,” Tolhurst akaendelea, kifua mbele, “mimi si mtu baki. Miaka ishirini iliyopita mzee mmoja ng’ambo ya ghuba alinipa jina la kundi. Mimi ni Wamut. Liko kwenye jalada: Wamut, Mwana wa Wasukaji. Mimi ni ndugu yenu.”

Barazani vichwa vyote viliinuka.

Kwa watu wa Rhoda jina la kundi si nishani ya kubandika kifuani. Ndilo linalompangia mtu nani dada yake, nani mkewe, na nani asithubutu kumtazama usoni. Na mwanamume wa Wamut huoa mabinti waliozaliwa na wanawake wa kundi la Rhoda. Rhoda alimpa mgongo pale pale, akavuta kitambaa chake kikamfunika kichwa. Hakuwa akiigiza. Mwili ulijigeuza wenyewe, kama jicho lifumbavyo likiona vumbi.

“Kwani nimemkosea nini?” aliuliza Tolhurst.

“Hujamkosea,” alisema Lurline, sauti imejaa asali. “Umejitambulisha. Ila ndugu wapi, baba? Huyo ni mama mkwe wako. Haruhusiwi kukuona wala kusema nawe.”

“Ajabu!” Akamgeukia binti. “Piga, piga! Hii siku hizi huipati.”

Kamera ikalialia mgongoni pa Rhoda. Naye akaliinamia jibwa jekundu lililolala chini ya benchi, kwani kusema na mkwe kupitia mbwa kunaruhusiwa.

“Mbwa,” alisema, “mkwe mwenye adabu hamjii mkwewe mikono mitupu.”

“Umesikia?” Lurline akamfafanulia mgeni. “Mkwe huleta. Samaki, nyama, chochote mama mkwe akitakacho. Anakiweka chini, anarudi nyuma, anakwenda zake. Ndiyo kazi ya jina hilo. Mzee wako hakukuambia?”

“Nina biskuti garini...”

“Mbwa, mwambie ale biskuti zake. Nataka mkoba wa mama yangu.”

Sentensi moja tu ingetosha kumshinda Rhoda. Tolhurst angesema kwamba yeye si Wamut, kwamba jina alipewa kwa mzaha na mzee aliyetaka tumbaku, na mkoba ungerudi sandukuni, na fundi angekuja na kibano chake. Yeye Rhoda alikuwa na miaka sabini. Hakuwa na hati wala wakili. Alikuwa na masikio tu, akayatega.

Alimsikia Tolhurst akikohoa. “Sikilizeni. Jina lile ni... ni heshima. Ni ishara.”

“Ishara?” Lurline alidaka. “Kumbe si Wamut! Sema tu, hakuna aibu. Mzee yule alimpa jina hata rubani wa ndege ya posta. Binti, andika: mgeni amekana. Jalada lichapwe upya.”

“Sijakana!”

“Kama hujakana, mkweo anangoja, na jua linamchoma.”

Kamera ilikuwa imeacha kulia. Kisha yule binti akauliza, kwa upole mno, “Chini ya picha niandike nini?”

Rhoda alisikia glavu ikivuliwa, halafu ya pili. Akasikia hatua zikija, kitu chepesi kikilazwa juu ya mbao za sakafu, na hatua zikirudi nyuma.

“Andika,” alisema Tolhurst, “Wamut akimpa mkwewe zawadi.”

Kumbe! Katika vyote alivyovikusanya, alichokithamini kuliko vyote ni lile jina alilopewa bure na mzee aliyekuwa akimcheka. Rhoda alikuwa amejiandaa kumchukia. Sasa hata chuki aliiona kubwa mno kwake, akabaki kumdharau tu, kwa moyo mweupe.

Alingoja mpaka mlango wa gari ulipobamizwa, ndipo akageuka akauchukua mkoba. Ulinuka dawa, harufu kali ya kuwasha pua. Ndani ulikuwa umeandikwa namba kwa wino mweusi: 212. Kiraka kilikuwa salama.

Akaubeba hadi kijitoni, Lurline nyuma yake akihema. Alikita kijiti, akaufunga, akaulaza kwenye maji yanayokwenda. Ukajaa, ukavimba, ukawa na umbo la mkoba. Juu kule barabarani gari lilisimama ghafla.

“Si majini!” sauti ilipiga yowe. “Utaharibika! Jamani, mwambieni!”

“Wifi, mkweo analia,” alisema Lurline. “Nimjibu nini?”

Rhoda hakugeuka, hakuruhusiwa. “Mwambie una sumu. Utakaa humo siku tano. Na akirudi kiangazi kijacho, mkwewe anataka matairi manne ya gari.”

Lurline alipaza sauti akayasema yote, kisha akainama. “Mapya au ya zamani?”

“Mapya,” alisema Rhoda. “Mimi si mkusanyaji.”