Nukta Nyekundu za Alhamisi

Zile nukta nilizichora ili nimnase mkunga mwenzangu, Redempta, sitaficha. Kwa miezi mitano akina mama tisa walitokwa na damu kupita kiasi baada ya kujifungua kwenye zahanati yetu, na mmoja, Luciana wa hapahapa kijijini, tulimzika. Mimi nimezalisha miaka kumi na tisa. Redempta ana mwaka mmoja tu kazini, na bado anashika sindano kama ya kuazima. Sasa nani mwingine?

Mganga mfawidhi, Chediel, mkuu wa zahanati, akasema hamwondoi mtu kwa maneno matupu, nimletee takwimu. Nikabandika karatasi ukutani: kila uzazi nukta moja, nyeusi kwa aliyesalimika, nyekundu kwa aliyetokwa na damu, chini yake siku na jina la mkunga aliyezalisha.

Leo Ijumaa nimeimaliza. Nyekundu tano zilikuwa zangu. Nikahesabu upya, nikakasirika, nikahesabu tena. Hazikumfuata mtu, zilifuata siku: nane kati ya tisa ziliangukia Alhamisi na Ijumaa. Nikawa naingia chumba hiki, natoka kile. Alhamisi kuna nini, jamani? Alhamisi kuna mnada.

Na mnadani mimi hununua nyama.

Nyumbani sina friji. Huiweka kwenye friji ya dawa, na ili ienee natoa boksi lililofunguliwa la sindano za kuzuia damu, naliweka dirishani. Kidogo tu, najiambia, kisha nasahau, na tunazichoma kutoka hapo mpaka ziishe Ijumaa. Dirisha lile jua hulipiga tangu asubuhi, na dawa ile ikipata joto hupoteza nguvu. Nilikimbilia pale. Boksi la jana lilikuwa palepale, la moto.

Chumba cha pili mzazi mmoja, Leah, alikuwa anasukuma mtoto. Redempta akaingia mbio, akanyoosha mkono kwenye boksi.

"Usichome hiyo," nikamwambia. "Fungua boksi jipya. Lipo kwenye friji, chini ya nyama yangu."

Alinitazama, akalichukua, akaondoka. Leah alijifungua salama, damu ya kawaida. Nilichora nukta yake nyeusi.

Chediel akaja na barua ya kumhamisha Redempta, akaniuliza karatasi inasemaje. Nilitamani kuichana. Nikaweka kidole kwenye nukta ya Luciana, siku ya Ijumaa.

"Inasema ni mimi," nikamjibu. "Hiyo barua iandike upya."