Wa Kwanza Kwenye Orodha ya Akiba

Barua zote mbili zilinifikia wiki moja. Chuo cha mbali kilinitaka na chuo cha karibu kilinitaka, udaktari huku, udaktari kule. Mama, ambaye maisha yake yote ameshona sare za watu wengine, aliziweka juu ya cherehani akawa anazisoma kwa zamu. Mimi niliamua siku ileile. Chuo cha mbali kina jina, kina hospitali kubwa, na kiko safari ya siku nzima kutoka kwa mama. Ningekuwa na utu ningesema hapohapo. Badala yake niliomba nipewe muda nifikiri.

Sababu ilikuwa imekaa upande wa pili wa meza. Tulimwita Kamusi, jina alilolitoa shuleni, kwa kuwa hukukosa jibu kwake. Ni mtoto wa marehemu mama mdogo. Aliletwa kwetu ana miaka sita, na tangu hapo tulilala chumba kimoja na kusoma darasa moja. Kemia yote iliyomo kichwani mwangu aliitia yeye. Kwenye mtihani alinipita mbali. Kwenye usaili, mbele ya madaktari watano, aliinamisha kichwa akajibu kwa sauti ya kuomba radhi, wakati mimi, ninayejua nusu yake, nilijibu hata nisiyoulizwa. Chuo cha mbali kilimkataa. Chuo cha karibu kilimwandikia kwamba ni wa kwanza kwenye orodha ya akiba: akipatikana mmoja wa kuachia nafasi, ataingia yeye. Wengine wote walikuwa wameshathibitisha. Mmoja huyo nilikuwa mimi, na nyumba nzima ilijua.

Nilikaa na barua zangu mbili wiki tatu, nikistarehe. Kamusi hakuniomba, na hilo ndilo lililoniudhi. Aliniachia kitanda cha dirishani. Alinipigia pasi mpaka leso. Alicheka utani wangu, hata ule uliochacha. Nikisema kwamba chuo cha karibu nacho si haba, mtu anasoma huku anakula kwa mama yake, mkono wake ulisimama kidogo juu ya alichokuwa akifanya, kisha ukaendelea. Nikawa nasema hivyo kila siku ili niuone mkono ule ukisimama. Miaka kumi na miwili nilikuwa nikiambiwa mwangalie mwenzio, mwangalie mwenzio. Safari hii mwenzangu ndiye aliyekuwa akiniangalia mimi, na nilitaka aangalie sana.

Mama alinionya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nilimjibu kuwa bado zote zimo mkononi. Baba hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa karani wa ardhi mpaka alipostaafu, na alitulea tukiamini kwamba tarehe ya mwisho imewekwa kuwatishia wageni. Nyuma yake daima ipo nyingine, ya wanaojua kuongea. Fomu yangu mwenyewe ya maombi niliipeleka imechelewa siku mbili, na ikapokelewa.

Siku ya mwisho ya kuachia nafasi ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Mimi nilikwenda chuo cha karibu Alhamisi, peke yangu, bila kuaga. Karani wa udahili, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikatia sahihi, akagonga muhuri, akasema kesho atamwita anayefuata. Ulimi ulinicheza nimwambie kuwa anayefuata ni mdogo wangu. Nikaumeza, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka Jumapili. Jumapili ndugu wote walikuwa wanakuja kuniaga. Niliona bora nisimame mbele yao nimpe, ili anishukuru watu wakiona.

Ijumaa saa tatu asubuhi simu yangu ililia. Kamusi hakuwa na simu. Kila fomu aliandika namba yangu. Karani alimtaka kwa jina lake kamili. Nikasema ametoka kidogo, mimi ni dada yake, nitamfikishia. Wakati huo namwona dirishani, yuko uani anaanua nguo.

“Mwambie afike leo kabla ya saa tisa, na vyeti vyake halisi,” karani alisema. “Ikipita hapo namwita wa pili.”

Nikamshukuru, nikaitia simu mfukoni. Sitadanganya kwamba sikusikia. Nilisikia vizuri sana, ila kwetu sisi, leo ya ofisini maana yake Jumatatu.

Baada ya chakula cha mchana Kamusi alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa ameshasuka nywele upya na kuvaa viatu, kama mtu anayengoja kuitwa.

“Dada, leo ndiyo mwisho,” alisema. “Umeamua?”

“Tarehe najua kuisoma. Bado nafikiri.”

Akasema sawa. Hiyo ndiyo mara pekee aliyoniuliza katika wiki tatu. Saa tisa ilipogonga alivua viatu akavipanga chini ya kitanda, akaingia bafuni, akafungua bomba likamwagika muda mrefu. Nilisimama nje ya mlango nikimsikiliza. Nilijisikia vizuri, kusema kweli. Nilijua kadiri anavyolia ndivyo Jumapili itakavyonoga.

Na ilinoga. Shangazi walijaa, mjomba alikuja na wanawe, viti tuliazima kwa jirani. Nikasimama, nikagonga glasi kwa kijiko, nikatangaza kwamba mimi naenda mbali, na nafasi ya karibu nimemwachia mdogo wangu, kwani damu ni nzito kuliko maji. Kamusi alinitazama kwanza kama hajaelewa. Kisha akaja akapiga magoti, akaniegemezea uso mapajani, akalia mpaka gauni likalowa. Mama naye akaangua kilio. Baba alisema hajawahi kuona moyo kama wangu, na mimi nikamwamini.

Jumatatu tulikwenda wawili. Kamusi alikuwa na vyeti ndani ya bahasha kubwa, ameikumbatia. Karani alivipitia kimoja kimoja, taratibu, halafu akavirudisha vyote. Akasema nafasi ilijazwa Ijumaa, saa tisa na robo. Wa pili kwenye orodha alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, pamoja na mama yake, wakisubiri ajabu itokee.

Hapo nikaanza kuongea. Niliongea kuhusu baba na utumishi wake, kuhusu barua tutakayoandika, kuhusu siku mbili tatu zisizomuumiza mtu. Karani aliniacha nimalize.

“Mwanangu, simu nilipiga mwenyewe,” alisema. “Dada yake akaniambia atamfikishia. Si wewe?”

Kamusi akanigeukia. Hakuwa na hasira usoni, na ningependa angekuwa nayo.

“Ijumaa asubuhi?” aliuliza.

“Nilitaka nikufurahishe mbele ya watu,” nikasema.

Alilinganisha kona za vyeti vyake, akavirudisha ndani ya bahasha, akamshukuru karani kwa muda wake. Njia nzima alitembea hatua moja mbele yangu.

Nyumbani mama aliacha kushona akauliza kulikoni. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, Kamusi aliposema amechelewa. Alisema waliita Ijumaa, akapuuza, akaenda leo. Mama alimwakia tangu hapo mpaka chakula kikaiva. Mtu gani anaitwa udaktari halafu analaza damu? Dada yake amejinyima, yeye bahati inabisha hodi anaigeuzia mgongo. Akamwambia na la mama yake, kwamba naye alikuwa mzembe hivyohivyo, ndiyo maana aliugua akazikwa bila kujua alichokuwa akiumwa. Kamusi aliinamisha kichwa, kama mbele ya wale madaktari watano. Mimi nilipakuliwa nikala. Mpaka leo mama huwasimulia wageni uzembe ule, nami, daktari wake, humsikiliza mpaka mwisho.

Jioni alinifungia mizigo. Nilikaa kitandani nikimtazama, nikamuuliza kwa nini hakusema kweli.

“Wewe unaondoka keshokutwa,” alisema. “Mimi ndiye ninayebaki na mama yako.”

Nikamwambia asante. Akaniambia niinuke, nimekalia nguo ambazo hajakunja.