Risasi za Kumuaga Otto

Theodosia hakuweza kukaa. Wanawake waliomzunguka mkekani walimshika kanga, akajitoa, akaenda tena mlangoni kuchungulia barabara itokayo mjini.

"Mfiwa hazururi, wifi," alimkemea Notburga, dada wa marehemu. "Watu wanakutazama."

"Wanitazame. Gari la jeshi limefika?"

Lilikuwa bado. Jeneza la mumewe, Otto, lilikuwa sebuleni, hapa Maposeni kwao alikozaliwa. Henry, mtoto wao wa kwanza, mwalimu kule Namtumbo, ndiye aliyekwenda kambini kuomba. Baba yake alipigana Uganda. Basi azikwe kijeshi, risasi zipigwe hewani, watu wajue ni nani aliyekufa. Alirudi asubuhi hiyo na jibu kwamba wamekubali, uso umejaa fahari, na Theodosia hakutaka kumkatalia mbele ya wageni.

Miaka ya ruksa ya biashara ilipoanza na maduka ya Songea kujaa vitu tena, Otto aliezeka bati nyumba yao ya Bombambili, hapo mjini. Mtaa mzima ulikuja kushangaa. Kisha mvua ikanyesha mchana, na Theodosia akamkuta sakafuni, amewalalia watoto wao wote, anatetemeka, anawaambia wasiinue vichwa. Watoto walicheka, wakidhani ni mchezo. Jua lilipotoka alipanda juu, akang'oa mabati yote, akarudisha nyasi.

Majirani walisema ameyauza akanywea pombe. Shuleni Henry aliitwa mtoto wa nyasi. Otto aliyasikia yote na akaendelea kuwasalimia watu. Ndiye huyo aliyembeba Agape, binti yao, mgongoni hadi hospitali ya Peramiho alipozidiwa na malaria, na Theodosia alipolazwa kujifungua, ndiye aliyekaa kibarazani akimsuka Agape nywele, mafundo kila upande, wapita njia wakimcheka.

Mara moja tu alimweleza mkewe. "Tulijificha kwenye nyumba ya bati. Risasi zikanyesha juu yake. Mwenzangu Ramson akafia mikononi mwangu. Bati likilia, mimi niko kule. Watoto wasijue, mama Henry. Wataniona mwoga."

Gari lilifika baada ya misa. Sajini Chande, kijana mpole, aliinama mbele yake. "Shikamoo, mama. Poleni sana."

"Marahaba, mwanangu," alisema Theodosia, akizitazama bunduki garini.

Jeneza liliposhushwa kaburini, askari walijipanga, wakaelekeza bunduki juu. Theodosia aliwaponyoka wanawake, akaenda kusimama mbele ya askari.

"Msipige!"

"Mama!" Henry alimvuta mkono. "Unamwaibisha baba!"

"Baba yako hakuweza kusikia hata mvua juu ya bati." Kila mtu aliisikia sauti yake. "Ndiyo maana aling'oa yale mabati. Alidhani ni zile risasi zilizomuua mwenzake Ramson mikononi mwake. Aliwalalia nyie ili zimpate yeye. Miaka yote hii ndani yake vita haikwisha, na nyie mnataka kumpigia risasi nyingine juu ya kaburi?"

Katekista alitazama kitabu chake. Nyuma ya watu mzee mmoja alinong'ona, "Askari gani huyo, anayeogopa bati?" Chande aligeuka akamtazama hadi mzee akainamisha kichwa.

"Shusheni silaha," Chande aliwaambia wenzake. Wakapiga saluti ya mkono, kimya, na udongo ukaanza kuanguka.

Jioni Henry alimkuta mama yake nyuma ya jiko, anakwenda na kurudi kando ya shamba la mahindi.

"Sasa Maposeni yote inajua," alisema Henry. "Yeye hakutaka."

"Najua. Nilimwahidi, nami nimeivunja ahadi. Sijui kama nimefanya vyema, baba. Moyo hautulii."

Henry alifuta uso kwa kiganja.

"Huyo Ramson alikuwa nani?"

"Mtu wa Mbinga. Baba yako alisema alikuwa anaimba vibaya sana."

Henry akacheka, kisha akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Notburga aliwaita waje kula. Hawakuitika. Walikwenda pamoja kwenye njia ya shambani, Theodosia akisimulia, Henry akiuliza.