Maji Chini ya Walionyamaza

Jumatatu ya pili ya Agosti 1994, saa nne asubuhi, boti ya saba kuundwa mwaka huo katika karakana ya Mzee Levis pale Mbita iliteremshwa majini ikaanza kuvuja. Fundi mkuu, Fanuel, aliikagua kutoka mbele hadi nyuma asione tundu. Pamba ya kuzibia maungio ilikuwa mahali pake. Aliyeisindilia ni Filister, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kuacha upenyo wa kupitisha uzi.

Wafanyakazi wote wanne waliingia ndani wakaketi, waone maji yanatokea wapi. Yalitokea chini ya kila mmoja, kwa kipimo chake. Wangwe, mpasua mbao, yalimfika vifundoni. Omosa wa misumari na rangi yalimlowesha soli tu. Filister yalimfika magotini, ingawa alikaa bega kwa bega na Omosa. Fanuel yalimfika kiunoni, naye akaishika tepu yake ya kupimia juu isilowe. Maji ya mmoja hayakutambaa kwenda kwa mwenzake.

Hakuna aliyeuliza maana yake. Fanuel alikuwa na nyundo ya mbao na shabaha nzuri, na aliyemhoji aliipata. Omosa alikuwa na kovu juu ya jicho. Wangwe alikuwa amejifunza kuinama mapema. Filister hakuwahi kurushiwa kwa sababu hakuwahi kusema neno, na kwa hilo watu walimsifu kuwa ni mama mtulivu. Walimwita mama wa pamba. Ukutani mwa karakana palikuwa na kibao chenye majina ya mafundi, nayo yalikuwa matatu. Filister alilitaka la nne liwe lake. Alilitaka sana, na hilo pia alikuwa amelimeza.

Maji yalipogusa mkanda wake, Fanuel aliwageukia wenzake.

“Mimi ndio nilipima vibaya,” alisema. “Macho yangu imechoka tangu Pasaka. Niliogopa mtaniona mzee.”

Maji yake yakashuka hadi chini ya magoti. Filister aliyaona yakishuka. Naye akafungua mdomo.

“Ile mbao ya chini ilikuwa mbichi, Fundi. Niliona, nikanyamaza.”

“Kwa nini?”

“Nyundo.”

Fanuel aliichomoa mkandani, akaitazama, akampa aiweke yeye. Omosa naye akasema misumari ilikuwa mifupi. Wangwe akakiri kupasua mbao mbili huku akisinzia. Kufika adhuhuri boti ilikuwa kavu. Wakaivuta ufukweni, wakabadilisha ile mbao.

Tangu siku hiyo hakuna boti iliyotoka bila wanne hao kukaa ndani yake kwanza, penye kina kifupi, kila mtu akatema alilonalo. Kosa lilisemwa, likarekebishwa, wakaenda kunywa chai. Wangwe walimcheka kwa kusinzia kwake, naye alipenda kuchekwa. Filister aliitumia ile nyundo kusindilia pamba, akaiona ni nyundo nzuri, haikuwa na hatia yoyote.

Kwenye boti ya tisa maji yaligoma kumtoka Filister. Alikuwa ameshasema makosa yake yote, hata sukari ya karakana aliyobeba nyumbani mwezi wa pili.

“Min Dorah,” Fanuel alimwambia, kwani ndivyo alivyomwita kwa Kijaluo, mama wa Dorah, kwa jina la bintiye, “bado uko na kitu.”

Alikuwa nacho, tangu mwaka uliopita. Lilikuwa wazo, na wazo linaona haya kuliko kosa. Alisema wakate nyuma ya boti iwe bapa badala ya kuchongoka, injini ikae katikati isifungwe tena ubavuni.

“Na mawimbi ikija kutoka nyuma?” Fanuel aliuliza.

“Tuinue mbao ya mwisho vidole vinne.”

“Tujaribu.”

Walijaribu. Ya kwanza iliyumba. Ya pili ilikunywa maji ya kawaida, yale yanayoingia kwa wote. Hakuna aliyerushiwa kitu. Ya tatu ilikata ziwa kwa mstari ulionyooka hadi karibu na kisiwa cha Rusinga na kurudi, na Filister akiwa mbele, kitambaa chake kikipepea, akijisikia mkubwa kuliko ziwa. Fanuel alimwita Fundi Filister mbele ya wauza samaki wote pale ufukweni. Wanunuzi wakaanza kuja kutoka Sori na Muhuru Bay. Kibao, hata hivyo, kilikuwa cha mwenye karakana, na Fanuel akaahidi kumwambia aongeze jina.

Mzee Levis alikuja Desemba kutoka Homa Bay, amevaa suti na viatu vipya, akiandamana na wanunuzi. Aliketi kwenye boti na mafundi, wageni wakakaa nyuma yao, akaanza kuhutubu.

“Hii wazo ya nyuma bapa,” alisema, “ilinijia nikioga.”

Maji yalitokea chini yake. Wageni walisogeza mikoba yao. Mzee Levis aliinua miguu kidogo, akaendelea hadi akafika kwa mafundi wake watatu hodari, maji yakamfika kwenye mashavu ya miguu. Hapo Filister alihisi soli zake zikilowa, akajua zamu yake imefika.

“Mzee, hiyo nyuma nilibuni mimi,” alisema, na sauti haikutetemeka. “Na mafundi tuko wanne.”

“Ni ukweli,” Fanuel akasema. Wangwe na Omosa wakasema vivyo hivyo.

Chini ya wanne hao palikauka kama meza. Mzee Levis alimshukuru mama wa pamba kwa mchango wake, kisha akaomba mkebe wa kuchotea maji. Filister alimpa. Akachota huku akimalizia hotuba, na wageni wakaagiza boti sita.

Kibao hakikubadilishwa. Uzinduzi uliofuata Mzee Levis alikuja amevaa gambuti zinazofika magotini, na hakuwahi tena kuja bila hizo. Aliketi mahali pake, akahutubu, akachota. Alipomaliza, Filister alishuka na viatu vikavu, akakipita kile kibao bila kukitazama, akachukua nyundo, akaanza boti nyingine.