Wageni wa Pole

Haidar, mume wangu, alipoachishwa kazi bandarini Jeddah, watu walikuja kutupa pole kana kwamba tumefiwa. Mwaka ule bei ya mafuta ilikuwa imeanguka, meli zimepungua, na makarani kama yeye ndio walioanza kuambiwa halas, kazi imekwisha. Kila baada ya magharibi Wazanzibari wa mtaa wetu wa Aziziya walijaa ukumbini kwangu. Na Haidar hajui kumwacha mgeni aondoke bila kula.

Basi nikapika. Nikapika mchele wa wanangu, nikapika na kuku wa mwisho, huku nikiyafokea masufuria kwa sababu wageni hawafokewi. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, ila Jeddah sijui jembe ningelitoa wapi.

Ikama zetu, vibali vya kuishi, zilikuwa chini ya kafili wa bandarini, yule mwajiri aliyetudhamini. Tusipompata mwengine kabla hazijakwisha, tungerudishwa Unguja, ambako binti yetu Mwatima hakuzaliwa wala hakujui. Ndiyo maana simu ya Hilal, shemeji yangu aliyeko Riyadh, ilinifanya nilie kwa furaha. Mwenye duka la vitambaa mtaa wa Sulimaniyah alitaka karani, na alikuwa tayari kuhamisha ikama.

"Ondoka leo, Baba Mwatima," nikamwambia mume wangu.

"Leo? Na watu wanakuja? Niwafungie mlango walionijia kwa wema? N'takwenda keshokutwa, inshallah."

"Wema wao hauna ikama."

Jioni ile, ili asionekane mnyonge, akawasimulia wageni habari zote za kazi: duka, mtaa, hata jina la mwenyewe. Idi, jirani yetu wa kampuni ya ujenzi, akaniita nyuma ya pazia kama kawaida yake.

"Shemegi, ukoko umebaki? Nifungie, watoto wangu wanaupenda."

Nikamkwangulia sufuria, nikamfungia.

Haidar alipofika Riyadh, alimkuta Idi amekaa kwenye meza ya karani, anaandika. Alirudi Jeddah na mkoba wake, akalala ameuelekea ukuta. Mimi nikavaa baibui nikaenda kwa Mashavu, mke wa Idi. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno.

"Mumeo kala kwangu," nikamwambia pale pale mlangoni, "kisha kala riziki ya wanangu. Kazi yake haikumtosha?"

Mashavu hakunikaribisha ndani.

"Kazi gani, Jokha? Walimtoa mwanzo kuliko Haidar. Hatukumwambia mtu."

"Kwa nini? Si tungekuja?"

"Ndo maana. Mngekuja, na mimi sina cha kuwapikia." Akalishika komeo la mlango. "Ule ukoko wako ndo ulokuwa chakula cha wanangu. Alofanya Idi si mazuri, najua. Lakini n'kwambie nini?"

Nilirudi na hasira yangu yote, sijui nimpe nani: Idi, Haidar, au mimi niliyepika.

Mlangoni kwangu nikakuta viatu vimejaa. Walikuwa wamezisikia habari za Riyadh, wamekuja kutupa pole. Haidar alinitazama kutoka ukumbini, akaniuliza kwa upole kuna nini jikoni.