Nafasi ya Vidole

Iliyotangulia kuibuka majini ilikuwa miguu. Kichwa kilikuwa bado chini, na miguu yote miwili, imevimba hewa ndani ya suti ya mpira, ilirusharusha mateke juu ya bwawa kama inayoaga watu. Pezi moja la kuogelea lilishachomoka na kuelea zake. Mshika kamba akavuta kwa nguvu, huku anacheka na kulaani kwa mpigo mmoja, mpaka mwenye miguu akageuka, akatoa kichwa, akatema mpira wa kupumulia.

"Usiniambie kitu," alisema.

"Sijasema kitu."

"Unacheka."

"Nacheka kimyakimya, Miguu Juu."

Jina hilo alibatizwa wiki iliyopita, alipopinduka namna hiyo hiyo mara ya kwanza. Kazi yake ilikuwa kuzama chini ya ukuta wa bwawa na kuondoa matawi, chupa na magunia yanayoziba chekeche la chuma ambamo maji hupita kwenda mjini. Huko chini kuna baridi ya kukata mifupa, ndiyo maana alivaa suti isiyopitisha hata tone, yenye miguu iliyounganishwa nayo, na hewa ndani yake ya kumtunzia joto. Aliianza kazi hiyo nywele zake zikiwa nyeusi zote, na aliipenda kupita kiasi. Chini kule, alizoea kusema, ndiko mahali pekee ambapo hakuna mtu wa kumwita.

Sasa alikuwa karibu kuikosa. Asubuhi ile msimamizi wa bwawa alimshika bega na kumwambia, "Mzee wangu, chekeche likibaki limeziba leo, kesho unahamia getini. Utakaa kwenye kiti, utafungulia magari." Hilo neno kiti alilitamka kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma Miguu Juu.

Ambacho msimamizi hakukijua ni kwamba ubaya wote ulitokana na mapenzi. Mke wa Miguu Juu alikuwa mfumaji. Msimu mmoja wa baridi mumewe alilalamika kwamba vidole vya miguu vinamganda, naye akamfumia soksi za sufu. Msimu uliofuata, baridi bado. Akafuma nene zaidi. Mume akaagiza suti yenye miguu mikubwa ili zienee. Mke akaongeza tabaka la pili kwenye nyayo, kisha vidoleni, mpaka soksi zikawa zinasimama wima sakafuni bila mguu ndani. Ndani ya suti zilibana vidole hadi damu ikashindwa kupita, na miguu ikafa ganzi, akawa anapanda kabla hajamaliza kazi. Jioni aliirudisha nyumbani ikiwa barafu tupu. Mkewe aliipakata, akaipima kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Bado baridi. Nitaongeza kidogo."

Naye, bwege huyu aliyempenda mkewe, alijibu, "Ahsante, mama watoto."

Wiki iliyopita akaona ajifanye mjanja. Akazificha zile nene, akavaa nyembamba. Basi miguu ya suti ikapwaya, hewa yote ikakimbilia humo, na matokeo yake mmekwisha kuyaona.

"Mwambie mkeo," mshika kamba alisema akimwegemeza kwenye ngazi ya jukwaa.

"Nimwambie nini? Kwamba ananigandisha kwa mikono yake mwenyewe?"

Mshika kamba alikuwa anatazama juu ya ngazi. Mke alikuwa amesimama pale na mfuko wa kitambaa mkononi, na kwa jinsi alivyoduwaa ilionekana alikuwa hapo tangu miguu ilipoibuka. Miaka yote hakuwahi kufika bwawani. Aliyaogopa maji, na hakutaka kukiona kinachommeza mumewe kila asubuhi.

"Karibu, shemeji," mshika kamba alisema, kisha ghafla akapata fundo la kamba la kushughulika nalo.

"Nimezikuta nyuma ya pipa," mke alisema, akizitoa soksi. "Nikajua umezisahau. Na hiyo miguu, mbona ilitangulia?"

Miguu Juu akataka kujitia hamnazo. Akautazama ule uso, akashindwa.

"Zinanibana," alisema.

"Zipi?"

"Soksi."

"Tangu lini?"

"Tangu zile za pili."

Mke akakaa juu ya kreti. "Misimu yote hii," alisema taratibu. "Nakupokea una baridi, silali, naamka nafuma. Kumbe baridi yenyewe naifuma mimi."

"Nilipenda kukuona unanifumia." Aibu ilikuwa imemjaa mpaka masikioni. "Nikaogopa utaacha."

"Mjinga wewe," alisema, na machozi yakamtoka, na kabla hayajafika shavuni alikuwa ameanza kucheka. "Mjinga mkubwa! Haya, vaa. Soksi, suti, vyuma vya uzito, mtungi, vyote. Halafu usimame."

Akavua, akavaa upya pamoja na zile nene, akasimama amelemewa na mzigo. Mke akapiga magoti, akaminya mpira wa suti mbele ya mguu.

"Chezesha vidole."

"Nachezesha."

"Havichezi hata kimoja." Akapapasa pembeni, ambapo mguu ulikuwa umetanuka kwa uzito. Siku zote aliupima ukiwa umelala mapajani mwake, mwepesi kama andazi. "Kumbe mguu wako wa kazini sikuwa naujua," alisema.

Akamvua suti na soksi. Akakata uzi kwa meno, akaanza kufumua tabaka la vidole, kisha la nyayo, mume akiupokea uzi na kuuzungushia mkononi. Kisigino alikiacha kinene. Mshika kamba akakata vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, na suti ilipovaliwa tena, mke akavifunga juu ya vifundo vya miguu, kwa nje, ili hewa isipate njia ya kushuka. Akapenyeza kidole chake chini ya kila kipande kuhakikisha hakibani.

"Sasa?"

Mumewe aliinamia miguu yake, anatabasamu kama mtoto aliyevalishwa viatu vipya.

"Ukifika chini, vichezeshe tena," mke alisema. "Vikicheza, uniambie."

"Akivuta kamba mara moja, ni mzima," mshika kamba alimweleza. "Akivutavuta, tunamtoa." Akamkabidhi kamba.

Miguu Juu akazama, safari hii kichwa kikiwa cha mwisho kupotea. Kamba ikateleza viganjani mwa mkewe, ikateleza, ikasimama. Juu ya ukuta msimamizi alikuwa ametokea, mikono mfukoni, naye ametulia anatazama maji. Mke hakumwona. Ndani ya kandambili, bila yeye kujua, vidole vyake vilikuwa vinacheza.

Kamba ikavutwa mara moja.

"Mzima," alinong'ona.

Tawi la kwanza likaibuka, jeusi, linachuruzika matope, likafuatwa na gunia. Kisha kamba ikavutwa tena, polepole mno, mvuto ambao haumo katika mpango wowote wa kazi. Mshika kamba akanyoosha mkono kuichukua, lakini mke hakuiachia. "Vidole vinacheza," alisema. Akaizungusha mara moja kwenye kiganja, naye akavuta.