Betri Aliyosema Isiguswe

Mama Redio, jirani wa ukuta mmoja, anaapa kwamba Ijumaa mchana alimwona mume wa fundi cherehani juu ya paa. Kwa macho yake mawili, na miwani juu yake. Alikuwa ndani ya ovaroli lake la buluu, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi, spana mdomoni kama kawaida yake, anakaza nati za lile panga la upepo linalozalisha umeme wa nyumba. Mama Redio akamsalimu, jamaa akapunga mkono. Sasa kama si yeye, nani alipunga?

Habari ikatembea kwamba amerudi. Kabla jua halijapoa, wateja wawili walikuja na vitambaa visivyo na haraka yoyote, shingo zimewarefuka kuelekea chumba cha ndani.

"Shemeji amepumzika?" akauliza mmoja.

"Yule nilikuwa mimi," fundi cherehani akasema. "Spana iko mdomoni, salamu ningeijibuje?"

Wakacheka mpaka wakashika ukuta. Naye akacheka. Walipoondoka akarudi kwenye sindano yake. Kumbe kwa aliyekuwa kule chini, mume wake alionekana amerudi. Akatamani angekuwa yeye aliyesimama chini, akaona.

Mwaka wa pili sasa mumewe yuko mbali, anavutia watu wengine nyaya za umeme. Nyumbani aliacha panga alilochonga kwa bomba la plastiki, likizungusha mota ya mashine ya kufulia iliyokufa, na paneli moja ya jua yenye ufa. Chini ya meza ya kukatia aliacha betri moja ya lori. Ubavuni aliandika kwa rangi nyeupe: *Usiiguse. Nitaibadilisha mwenyewe nikirudi.*

Basi mkewe akaboresha kila kitu kingine. Akaongeza paneli ya pili, na Ijumaa hiyo akaweka ya tatu. Panga akalitia mkia mpya wa bati ili lifuate upepo vizuri. Cherehani ya umeme ilipoanza kuzimika saa nane usiku, pindo likiwa nusu, alinunua betri mpya, akaifunga sambamba na ile ya zamani. Wiki moja mashine ilikimbia. Ya pili ikaanza kukohoa tena, na hata paneli ya tatu haikuiponya.

Jumatatu akaja fundi betri, akachuchumaa na kipimo chake.

"Dada, nani kaziunganisha hizi?"

"Mimi."

"Umeziunganisha safi kabisa. Ndiyo kosa lenyewe. Hii ya zamani imekwisha, inanyonya kila anachopata mwenzake. Ukiiacha, hazipiti siku nyingi utakuwa na mbili za kuzuilia mlango."

"Hii mpya haiwezi kuibeba kidogo kidogo?"

"Ibebe mpaka lini?"

Akaifuta ile ya zamani vumbi kwa kipande cha kitambaa.

"Waya mbili tu, dada. Kazi ya dakika moja," fundi akasema, akafunga begi lake.

Alipobaki peke yake alipiga magoti, akatia spana kwenye nati ya kwanza. Mkono ukakataa. Akachukua simu, akarekodi.

"Mwenzangu, salama? Betri yako imechoka. Hata ikishiba jua la kutwa, haishiki. Fundi anasema inaua ile mpya. Ulisema nisiiguse, na mimi naifuta vumbi tu. Sasa nakuomba kitu kimoja. Kama unakuja, sema unakuja. Nitaitoa mpya, nitashona kwa ile mashine ya mguu mpaka ufike, hata ikiwa miezi sita. Kama huji, niambie niitoe yako. Salamu usinitumie, na pesa ya matumizi usinitumie. Nijibu hilo tu."

Ujumbe ukaenda. Akatengeneza kola mbili kwa mkono, akarudi kutazama. Saa tisa kasorobo alama zilikuwa zimegeuka buluu: ameusikia.

Akaketi sakafuni kando ya betri, simu mapajani, mkono kwenye spana. Saa kumi ilimkuta pale pale, jibu halijaja, nati haijalegea.